Miaka mitano niliyohesabiwa, mitatu niliyofundishwa: ukomo wa muda wa shahada na haki ya mwanafunzi

Kijana wa Katonga (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Kigoma. Naomba mnivumilie kwa urefu wa andiko hili, kwa maana jambo lenyewe nimekaa nalo tangu Januari 2024, nimelipima kila upande, na sasa nataka kuliweka mezani lijadiliwe na watu wanaozijua kanuni za vyuo kuliko ninavyozijua mimi.

Nilidahiliwa Novemba 2018 katika chuo kikuu kimoja kilicho mkoa mwingine, ambacho sitakitaja, kusomea shahada ya kwanza ya miaka mitatu. Kanuni za chuo hicho zilisema kwamba programu ya miaka mitatu haiwezi kuchukua zaidi ya miaka mitano tangu siku ya usajili wa kwanza. Nilitia sahihi fomu ya kuzikubali kanuni hizo nikiwa na miaka 21, nimesimama kwenye foleni ya usajili, na watu zaidi ya mia wakiwa nyuma yangu.

Mwaka wa kwanza niliumaliza bila sapu, yaani mtihani wa kurudia somo, hata moja. Mwaka wa pili ulikatwa na korona: vyuo vilifungwa Machi 2020, vikafunguliwa Juni 1, nasi tukafanya mitihani kwa ratiba iliyobanwa. Matokeo yalipotoka, somo langu moja halikuwa na alama. Sikuandikiwa kwamba nimefaulu wala kwamba nimefeli. Mahali pa alama palikuwa na kistari tu. Mhadhiri alinithibitishia kwa kinywa chake kwamba karatasi yangu ameisahihisha na alama amezipeleka idarani. Idara ikasema haijazipokea. Kistari kile kilikaa kwenye ukurasa wangu wa matokeo kwa zaidi ya miaka mitatu, na kila nilipokwenda kuulizia niliambiwa nirudi wiki ijayo.

Kabla mwaka wa tatu haujaanza, baba alipooza upande mmoja wa mwili. Alikuwa mvuvi wa usiku, wa karabai, na yeye ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba. Mimi ndiye kifungua mimba. Niliandika barua ya kuomba kuahirisha mwaka, nikaambatanisha cheti cha daktari, na ombi likakubaliwa. Barua ya idhini ninayo hadi leo. Inasema nimeruhusiwa kuahirisha masomo kwa mwaka wa 2020/21, na haikuandikwa popote kwamba mwaka huo utaendelea kuhesabika kana kwamba nilikuwa darasani.

Mwaka uliofuata nilirudi chuoni lakini sikusajiliwa. Jina langu halikuwa limerejeshwa kwenye orodha ya wanufaika wa mkopo, na fedha ambazo mama alizikusanya kwa kuuza mawese pale sokoni Mwanga hazikufika hata nusu ya ada. Nililala kwa rafiki wiki tatu, kila asubuhi nikisimama dirishani kwa mhasibu. Siku ya mwisho ya usajili, karani, dada mmoja mpole, aliniambia: "Mdogo wangu, mfumo ukishafunga mimi sina la kufanya. Rudi nyumbani, mwakani uje mapema." Nilirudi Kigoma kwa treni, na mwaka wa nne ukawa umekwenda.

Mwaka wa 2022/23 nilisajiliwa. Nilisoma mihula yote miwili na nikafaulu masomo yote. Ripoti ya utafiti niliikabidhi kwa msimamizi mwezi Juni, naye akanirudishia na maoni yake mwezi Desemba. Wakati huo Novemba ilikuwa imeshapita, na miaka mitano imeshatimia. Barua ilikuja Januari ndani ya bahasha ya kaki, ikiwa na aya mbili. Aya ya kwanza ilinijulisha kwamba nimefikia ukomo wa muda wa usajili na kwamba jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wanafunzi. Aya ya pili ilinitaka nirudishe kitambulisho. Kuhusu masomo niliyofaulu haikusema neno.

Sasa niingie kwenye hoja yenyewe, kwa sababu sikuja kulalamika tu. Mimi sipingi ukomo wa muda. Chuo hakiwezi kubaki na majina ya watu walioondoka miaka kumi iliyopita, mitaala hubadilika, na aliyesoma hesabu za kodi chini ya sheria iliyofutwa hawezi kudai kwamba anaijua kodi ya leo. Ninachouliza ni muda wa nani unaohesabiwa. Katika miaka yangu mitano, mwaka mmoja niliruhusiwa kwa maandishi kutokuwepo, na mwingine nilizuiwa kusajiliwa, maana yake sikuwa na ruhusa ya kuingia darasani, kuazima kitabu maktaba wala kufanya mtihani. Miezi sita ripoti yangu ilikaa kwenye meza ya mtu mwingine. Nilihesabiwa miaka mitano, nikafundishwa mitatu, na hiyo mitatu ndiyo hasa muda wa kawaida wa shahada yangu.

Kanuni inayosema kwamba muda huanza kuhesabiwa siku ya usajili wa kwanza, kisha ukaenda mfululizo kama maji ya Malagarasi bila kujali kama mwanafunzi yuko ndani au ameachwa nje, haipimi usomaji. Inapima umri wa namba ya usajili.

Halafu kuna suala la kile ambacho mwanafunzi amekwisha kukipata. Kwa mfumo wa sifa za vyuo vikuu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani mihadhara, semina, kujisomea na mitihani kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimebakiza krediti 18: somo lile la kistari na ripoti. Kwa hesabu hiyo nilikuwa nimefanya kazi ya saa 3,420 iliyopimwa na kukubaliwa na chuo chenyewe. Naomba anijibu anayejua: saa hizo zimekwenda wapi? Fundi aliyejenga nyumba akaishiwa fedha kabla ya kupaua hawezi kuambiwa kwamba na kuta hazipo.

Mkopo nao haufi. Huo ndio upande unaoniumiza zaidi, na sidhani kama unasemwa vya kutosha. Bodi ya Mikopo hugharamia mwanafunzi kwa muda rasmi wa programu, lakini deni linabaki kuwa deni hata kwa yule ambaye hakuhitimu. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mwenzangu aliyehitimu anakatwa kwenye mshahara alioupata kwa shahada. Mimi siku nikiajiriwa kwa cheti cha kidato cha sita nitakatwa asilimia ileile kwa ajili ya shahada ambayo sina.

Nimeisoma Katiba pia. Ibara ya 11 inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha, na kwamba kila raia yuko huru kutafuta elimu hadi upeo wowote kulingana na stahili na uwezo wake. Maneno mazuri sana, lakini ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo ya msingi, ambayo Ibara ya 7 imeiwekea kizuizi isitekelezwe kwa nguvu ya mahakama. Kwa hiyo anayetegemea Ibara ya 11 peke yake ameshika maji. Ibara ya 13(6)(a) ni jambo tofauti. Hiyo inazungumzia mtu ambaye haki na wajibu wake vinaamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, kwamba apewe fursa ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa. Mimi sikuitwa na wala sikuulizwa. Kwa maoni yangu, haki ya kwanza ya mwanafunzi aliyefika ukomo ni kuambiwa mapema kwamba anaukaribia, kisha aitwe aeleze, kabla jina halijafutwa.

Naomba mawazo yenu, hasa nyinyi mliofundisha.

Mhadhiri wa Tabora

Kijana wangu, pole kwa yaliyokufika. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi na nimekaa kwenye vikao vinavyopitisha orodha za namna hiyo, kwa hiyo niruhusu niseme upande ambao mwanafunzi haoni.

Ukomo wa muda haukuwekwa kumkomoa mtu. Msimamizi mmoja anaweza kuwa na ripoti 30 za mwaka wa tatu, na juu yake wakaongezwa wale wa mwaka juzi na wa mwaka wa juzi yake, kila mmoja akija siku anayotaka na mada ambayo imeshapitwa. Mtaala ukibadilishwa, somo ulilobakiza huenda halifundishwi tena, na mwalimu wake amestaafu. Katika fani za afya jambo hili ni zito zaidi: mimi mwenyewe nisingekubali kutibiwa na mtu aliyesoma famakolojia, yaani elimu ya dawa, mwaka wa pili, akakaa pembeni miaka minane, kisha akaja kumalizia mwaka wa tano. Kuna na wanafunzi, tuseme ukweli, ambao huahirisha mwaka kila wanapoona mtihani mgumu unakuja. Kanuni isiyo na mpaka huwalea hao.

Hata hivyo, mambo mawili katika maelezo yako yamenigusa kama mwalimu. Alama kukosekana miaka mitatu si kosa la mwanafunzi, na ripoti kukaa miezi sita si kosa la mwanafunzi. Kikao nilichokuwa nikikaa mimi kingelipata faili lenye mambo hayo, kingelirudisha idarani. Shida ni kwamba kikao huletewa jedwali lenye namba za usajili na miaka, na faili hubaki kabatini.

Kijana wa Katonga

Shikamoo mwalimu, na nashukuru kwa kunijibu kwa uwazi. Mfano wa famakolojia naukubali wote. Kwenye fani za afya ningekubali hata mtu apimwe upya masomo ya nyuma. Kuhusu wanaoahirisha kwa kukwepa mtihani, nadhani dawa ni kuyachunguza maombi ya kuahirisha yanapoletwa. Idhini ikishatolewa kwa haki, isigeuzwe baadaye kuwa kosa la aliyepewa.

Nimejaribu kusoma wenzetu wanafanyaje. Ufini, kwa mfano, ni nchi iliyoamua kuweka ukomo kwa wanafunzi walioanza vyuo vikuu kuanzia Agosti 2005, na utaratibu huo ukaendelezwa katika sheria yao ya vyuo vikuu ya mwaka 2009. Anayesomea shahada ya kwanza na ya uzamili kwa pamoja, ambazo zimepangiwa miaka mitano, huruhusiwa kuzidisha miaka miwili. Anayesomea shahada ya kwanza peke yake huzidisha mwaka mmoja. Ukitazama hapo tu utasema wao ni wakali kuliko sisi. Lakini muda wa kutumikia jeshi na likizo ya uzazi hauhesabiwi. Na anayeishiwa muda anaweza kuomba nyongeza kwa kuleta mpango wa kumalizia, wenye lengo na unaotekelezeka, ambapo chuo katika kuamua hutakiwa kutazama masomo aliyokwisha kuyafaulu, yale yaliyobaki, na hali ya maisha yake.

Kule raia hasomi kwa ada, kwa hiyo serikali inapobana muda inalinda kodi ya watu wake, na mwanafunzi anayechelewa huwa anaendelea kula kodi hiyo. Huku kwetu fedha humwishia mwanafunzi kwanza, na muda humkimbia kwa sababu fedha imeisha. Kanuni mbili zinazofanana kwenye karatasi zinafanya kazi tofauti kabisa. Kule inamsukuma aliyekaa, huku inamfungia mlango aliyekwenda kutafuta nauli.

Na jambo la mwanafunzi kutoka na kurudi si geni katika nchi hii. Oktoba 1966 karibu wanafunzi 400 walifukuzwa vyuoni kwa kuandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata. Baadaye, kwa Azimio la Musoma la Novemba 1974, vijana waliomaliza sekondari walitakiwa kwanza wakafanye kazi ndipo waombe chuo kikuu, kwa imani kwamba mtu aliyeonja kazi atasoma kwa manufaa zaidi. Unaweza kuubishia utaratibu ule, nami nina mashaka nao, lakini haukuwa na dhana kwamba mtu akikaa miaka michache nje ya darasa akili yake imeoza.

Mama Dagaa Kibirizi

Mwanangu, mimi sikusoma mbali, ila kijana wangu yuko mwaka wa pili na nimeelewa unachokisema. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sisi tunaoanika dagaa tulikaa miezi mitatu mchanga ukiwa mweupe. Ziwa kupumzika ni jambo jema, lilipofunguliwa tuliona wenyewe faida yake. Lakini chuo hakikupumzika na ada haikupumzika. Kijana alipiga simu Juni akasema bila kumaliza ada hatafanya mitihani, nikauza cherehani. Je, angekosa mitihani ile, mwaka huo ungehesabika kwake?

Kijana wa Katonga

Mama, shikamoo. Kwa kanuni nilizozisoma za chuo nilichokuwa, ndiyo, ungehesabika. Ningefurahi sana kusikia kwamba chuo cha mwanao kinafanya vingine. Mwambie aulize sasa, akiwa bado yuko vizuri, na ajibiwe kwa maandishi.

Binti Ujiji

Kaka, niongeze la wasichana, kwa sababu kwenye mada hizi huwa tunasahaulika. Nilijifungua nikiwa mwaka wa pili. Nikaahirisha mwaka mmoja kwa idhini, nikarudi mtoto akiwa na miezi kumi, na nikamaliza nikiwa nimebakiza muhula mmoja tu wa akiba. Sikufukuzwa, namshukuru Mungu, lakini kila nilipougua malaria muhula ule wa mwisho nilihesabu siku kwa vidole.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi wa shule waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurejea. Tulishangilia wote. Ninachouliza ni kwa nini binti wa kidato cha pili aliyejifungua afunguliwe mlango, ambao ulichelewa mno kufunguliwa, halafu binti wa chuo kikuu mwaka wake wa uzazi uhesabiwe sawa na mwaka wa mtu aliyekuwa anazurura. Yaliyoandikwa hapo juu kuhusu Ufini na likizo ya uzazi ndiyo ningependa yawe sharti kwa vyuo vyote, yasiachwe kwa huruma ya mkuu wa idara.

Mhadhiri wa Tabora

Binti, hoja yako nimeipokea na sina la kuipinga. Mleta mada, nina swali: ulikata rufaa? Na hati ya matokeo ya masomo uliyofaulu uliiomba? Nauliza kwa sababu kuna utaratibu wa kuhamisha krediti kutoka chuo kimoja kwenda kingine, na chuo kinachokupokea hakiwezi kuangalia lolote bila hati hiyo.

Kijana wa Katonga

Mwalimu, rufaa nilikata Februari 2024. Niliambatanisha barua ya idhini ya kuahirisha, cheti cha daktari, nakala ya barua pepe niliyomtumia msimamizi siku ya kukabidhi ripoti, na stakabadhi zote za ada, ambazo mama alikuwa amezihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga tangu mwaka 2018, kila moja imekunjwa mara nne. Jibu lilichukua miezi mitano na lilikuwa sentensi moja: kanuni haina nafasi ya nyongeza.

Hati ya matokeo niliiomba baada ya hapo, na ikachukua muda, kwa kuwa nilitakiwa kwanza nimalize kurudisha vifaa na kugongewa mihuri ofisi tano, jambo ambalo mtu aliye Kigoma halifanyi kwa siku moja. Niliipata mwaka jana. Nimeipeleka kwenye chuo kingine pamoja na ripoti niliyoirekebisha kwa maoni ya msimamizi, na nimeambiwa kwamba maombi yangu ya kuhamisha krediti yatafikishwa kwenye kikao chao. Baba hatembei vizuri ila anaongea, na anauliza habari za kikao hicho kila Ijumaa.

Kwa walioko vyuoni sasa na wanaotaka kuahirisha, nawaomba msiondoke na idhini ya mdomo. Dai barua, na ndani ya barua dai sentensi inayosema kama mwaka huo utahesabika au hautahesabika katika muda wa juu wa usajili. Wakikataa kuiandika, mtakuwa mmejua mapema. Ripoti ikabidhiwe kwa njia inayoacha tarehe. Na somo lisilo na alama lisiachwe hata muhula mmoja.

Nasema hilo la mwisho kwa sababu ya hati yangu. Nilipoifungua pale kituo cha basi nilitafuta kwanza somo lile la mwaka wa pili. Kistari hakipo tena. Pameandikwa B.